Nitambueje zana inayostahili bei yake? Swali la fundi anayeanza kujitegemea

Mpachika Milango:

Habari zenu, mafundi. Kazi yangu ni kupachika milango, madirisha na makabati. Kwa muda mrefu nimekuwa chini ya fundi mkuu nikitumia zana zake, na sasa ninaanza kujitegemea, kwa hiyo inanibidi ninunue zangu mwenyewe kwa akiba inayotosha mambo ya lazima na si zaidi ya hapo. Sitafuti zana za bei ya chini kabisa, wala sitafuti zana za kujionyesha kwa watu. Ninataka zana ambazo fedha nitakayoitoa itarudi kupitia kazi, na ambazo hazitanisimamisha katikati ya kazi ya mteja kwa sababu kitu kimekatika au kimeungua.

Nimekwama katika mambo matatu. Kwanza, patasi, misumeno na bisibisi za madukani zinafanana mno kwa macho, lakini bei zake zinapishana mara nne au tano, na sijui hasa ninalipia nini ninapochagua iliyo ghali. Pili, nimeonyeshwa sanduku lenye drili ya betri, grinda ya betri, betri mbili na chaja, vyote vikiwa vimeandikwa volti 48, kwa bei iliyo chini ya ile ya drili moja ya volti 18 ya kampuni inayojulikana. Volti 48 zingepaswa kuwa na nguvu zaidi, na ndiyo maana bei hiyo inanitia shaka. Tatu, kuna mafundi wanaouza zana zilizotumika, na baadhi zinavutia, ila sijui nizikague vipi kabla ya kutoa fedha. Nitashukuru kupata ushauri wa watu wanaozishika zana hizi kila siku.

Seremala Mkongwe:

Hongera kwa hatua hiyo, ndugu yangu. Nitajibu lile la kwanza tu, kwa kuwa zana za mkono ndizo nilizozizoea.

Unapolipia zaidi zana ya mkono ya kukatia, unapaswa kuwa unalipia aina ya chuma na namna chuma hicho kilivyopashwa moto na kupozwa kiwandani. Rangi ya mpini, sanduku na maandishi ya dhahabu havikati mbao. Patasi nzuri ya useremala huwa na ugumu wa kati ya 58 na 62 kwa kipimo cha Rockwell C. Ikiwa laini kuliko hapo, makali yake hujikunja mara tu unapoigonga kwenye mbao ngumu, na ikizidi sana kuwa ngumu huanza kumeguka. Dukani huna kifaa cha kupimia ugumu, lakini unaweza kukagua upande wake bapa, ambao wengi hawautazami kabisa. Weka rula ya chuma juu ya upande huo, kisha inyanyue patasi pamoja na rula kuelekea kwenye mwanga. Mwanga mwembamba ukipita katikati, patasi ina bonde dogo, na hilo hurekebishika kwa urahisi kwenye jiwe la kunolea kwa sababu kingo ndizo zinazogusa jiwe. Mwanga ukipita pembeni huku katikati pameinuka, iache, kwa maana itayumba juu ya jiwe na hutapata makali yaliyonyooka.

Kwa kazi yako sikushauri ununue seti ya patasi nane. Nafasi ya bawaba na kitasa inahitaji patasi ya milimita 25 na ya milimita 12, na pengine moja pana zaidi kwa ajili ya kusawazisha. Fedha ambayo ingenunua nane dhaifu inaweza kununua mbili nzuri pamoja na jiwe la kuzinolea, na ukweli ni kwamba jiwe hilo ndilo watu wengi hulisahau, kisha wakalaumu patasi.

Kuhusu msumeno wa mkono, tazama meno yake kwa karibu. Yakiwa na rangi nyeusi au ya buluu kwenye ncha, yamekomazwa kwa umeme kiwandani. Hayo hukaa na makali kwa muda mrefu, lakini tupa haiwezi kuyauma, kwa hiyo yakishaisha msumeno ndio umeisha. Meno yasiyo na rangi hiyo hunolewa kwa tupa ya pembe tatu, na msumeno wa namna hiyo ukitunzwa unaweza kumhudumia fundi hadi astaafu. Hata hivyo, kwa anayekwenda kwenye nyumba za watu na kukata mbao za unga uliogandishwa kwa gundi, ambayo humaliza makali haraka kuliko mbao yenyewe, ninaona ule wa meno yaliyokomazwa una faida zaidi, hata kama moyo wangu uko kwa ule wa kunoa.

Mahali ambapo sikubali kabisa kubana matumizi ni kwenye vipimo, maana mlango uliopimwa vibaya unakula mbao, muda na jina lako. Jambo la kufurahisha ni kwamba vipimo ndivyo zana pekee unazoweza kuzijaribu palepale dukani bila kifaa chochote. Pimamaji iweke juu ya meza au rafu, subiri kipovu kitulie na ukariri mahali kiliposimama, kisha igeuze, upande wa kulia uwe kushoto, na uiweke palepale. Kipovu kisipotulia mahali pale pale kwa mtazamo wako, pimamaji hiyo ni ya uongo hata kama rafu yenyewe imepinda. Kona mraba ijaribu kwa kuiegemeza kwenye ukingo wa ubao ulionyooka, uchore mstari, uigeuze upande wa pili, uchore mwingine kuanzia pale pale. Nafasi utakayoiona kati ya mistari miwili kwenye ncha ni mara mbili ya kosa la kona yenyewe, kwa hiyo hata kosa dogo hujionyesha. Na futi ya kuvuta isikutie wasiwasi kwa kuwa ndoano yake inachezacheza: inatakiwa isogee kwa kiasi cha unene wake, ili kipimo kiwe sahihi unapoivuta kutoka nje ya ubao na unapoisukuma dhidi ya ukuta. Tafuta pia alama ya daraja la II au la I kwenye utepe. Isiyo na alama yoyote haijamwahidi mnunuzi chochote.

Bisibisi ninazitaja kwa sababu moja tu. Skrubu nyingi za makabati zina msalaba wenye mistari midogo minne kati ya mikono yake. Hizo ni PZ, na zile zenye msalaba mtupu ni PH. Ukitumia bisibisi ya PH kwenye skrubu ya PZ, itateleza na kula skrubu na bisibisi pamoja, hata iwe ya bei gani. Wengi wanaosema bisibisi yao ni mbovu wanatumia tu isiyo yake.

Fundi Mota:

Kazi yangu ni kutengeneza mashine za umeme za mafundi, kwa hiyo nitazungumzia sanduku uliloonyeshwa.

Betri za kisasa za zana hujengwa kwa seli za lithiamu, na kila seli huhesabiwa kuwa na volti 3.6. Seli tano zikiunganishwa kwa mfululizo hutoa volti 18. Seli hiyo hiyo ikiwa imejaa hufikia takriban volti 4.2, kwa hiyo seli tano zilizojaa hutoa karibu volti 21. Ndiyo maana utakuta kampuni moja imeandika 18, nyingine imeandika 20, na nyingine 21, ilhali ndani ya zote mna seli tano za mfululizo. Vivyo hivyo betri za volti 12 mara nyingi zina seli tatu, yaani volti 10.8 kwa hesabu ya kazi. Ili kupata volti 48 za kweli zingehitajika seli 13, na betri hiyo isingekuwa na umbo la ile ndogo inayoingia chini ya mpini. Namba za 36, 48, 88 na hata zaidi, zikiandikwa kwenye betri ndogo ya namna hiyo, huwa ni jina la kuvutia mnunuzi tu. Si lazima uniamini mimi: nenda na multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, mwombe muuzaji betri iliyojaa, na upime kati ya nguzo ya chanya na ya hasi. Ukisoma volti 20 au 21, umejua kilichomo.

Baada ya volti, tazama ampea-saa, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inahifadhi, na hapo mizani ndogo itakusaidia kuliko maandishi. Seli ya kawaida ya 18650, yaani yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, ina uzito wa takriban gramu 45 hadi 48. Betri ya ampea-saa 5 iliyojengwa kwa seli hizo inahitaji seli 10, yaani safu mbili za tano, kwa hiyo seli peke yake zinakaribia nusu kilo kabla hujahesabu ganda na saketi. Zipo pia betri zinazotumia seli kubwa za 21700, ambazo tano tu zinaweza kufikia ampea-saa 4 au 5, nazo huwa na takriban gramu 70 kila moja. Betri iliyoandikwa ampea-saa 5 ambayo mkononi ni nyepesi kama ile ya ampea-saa 2 haina tano, na hakuna ufundi unaoweza kuificha.

Sasa zidisha volti kwa ampea-saa, upate wati-saa, kwa sababu hicho ndicho kiasi cha kazi ulichokinunua. Betri ya volti 18 na ampea-saa 2 ina wati-saa 36, na ile ya ampea-saa 5 ina wati-saa 90. Drili inayofunga skrubu hutumia nguvu kwa vipindi vifupi, kwa hiyo wati-saa 36 zinakwenda mbali. Grinda ni jambo lingine kabisa: ikivuta wati 700 mfululizo, betri ya wati-saa 36 itakwisha kwa dakika tatu hivi, na ile ya 90 haitafika dakika nane. Kwa mtu mwenye bajeti yako ningesema hivi: nunua drili nzuri ya betri kwa sababu utaishika siku nzima, nayo isiwe ya waya, na ununue grinda ya waya, kwa kuwa kwa fedha ileile utapata nguvu zaidi na hutakuwa unasubiri chaja.

Kuhusu mota, utakutana na zenye kaboni na zisizo na kaboni. Kaboni ni vile vipande viwili vinavyosugua kwenye komuteta ya shaba ili kupeleka umeme kwenye rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, navyo huchakaa kama inavyotakiwa, na kuvibadilisha ni kazi ndogo. Mota isiyo na kaboni huendeshwa na saketi ya kielektroniki. Haina msuguano huo, hupata moto kidogo, hudumu na betri kwa muda mrefu zaidi, na kwa mtu anayefunga skrubu kutwa ninaona tofauti ya bei inalipa. Udhaifu wake ni kwamba saketi ikiungua kwa maji au kwa vumbi la saruji, kwa kawaida hubadilishwa yote, na mara nyingi gharama yake inakaribia bei ya mashine. Kwa zana unayoigusa mara chache, mota ya kaboni inatosha.

Nimeliacha hili liwe la mwisho kwa sababu ndilo ninaloona likiwaumiza watu wengi. Kabla hujanunua mashine yoyote ya umeme, iwe ya jina kubwa au dogo, mwombe muuzaji akuonyeshe kaboni, swichi na rota ya modeli hiyo hiyo, na ninasema akuonyeshe, asikuahidi. Mashine ya bei ya kati yenye spea inaishi kuliko mashine bora isiyo na spea. Kila wiki huletewa mashine ambazo sehemu iliyokufa ni swichi ndogo tu, na kwa kuwa swichi hiyo haipatikani, zinaishia kuwa chuma chakavu zikiwa na mota nzima. Na ukishachagua drili ya betri, kumbuka kuwa umechagua familia nzima, kwa maana betri ya kampuni moja kwa kawaida haiingii kwenye zana ya nyingine. Zana zinazofuata katika familia hiyo unaweza kuzinunua bila betri kwa bei iliyo chini sana, kwa hiyo tazama kwanza kama kampuni hiyo inatengeneza zile utakazozihitaji baadaye.

Mjenzi Huru:

Ninakubaliana na mengi yaliyosemwa, hasa kuhusu spea. Hata hivyo, ninaona kuna hatari ya kumfanya ndugu yetu aamini kwamba kila kitu lazima kiwe kizuri, na akiba yake itaisha kabla hajafika kwenye mlango wa kwanza. Ile kauli kwamba cha bei rahisi ndicho ghali ni ya kweli kwa zana ya kila siku, lakini si ya kweli kwa kila zana. Klampu za ziada, nyundo ya kubomolea, mtaimbo na spana unayoihitaji mara moja kwa mwezi vinaweza kuwa vya kawaida kabisa bila hasara yoyote. Ukiona kimojawapo kimevunjika kwa sababu ya kutumika sana, hapo kimekwambia chenyewe kwamba sasa kinastahili kununuliwa kilicho bora. Na mashine kubwa unayoihitaji kwa kazi moja tu, kodi.

Pia ningependa aongeze jambo ambalo naliona lina uzito kuliko jina la kampuni, nalo ni aina ya utaratibu ulio ndani ya mashine. Fremu za milango hufungwa kwenye kuta, na kuta nyingi ni za zege au matofali. Drili ya kawaida yenye kitufe cha nyundo hugonga kwa sahani mbili zenye meno zinazosuguana, na ili igonge ni lazima uisukume kwa nguvu zako zote. Mashine ya SDS-plus ina pistoni inayogonga kwa msukumo wa hewa ndani ya silinda, na biti yake, yenye shina la milimita 10 lililochongwa mifereji, huteleza mbele na nyuma ndani ya kichwa huku mkono wako ukiishikilia tu. Nguvu ya pigo hupimwa kwa juli, na kwa matundu ya plagi za fremu, juli 2 hivi zinatosha sana. SDS ya bei ya kati itaishinda kwenye zege drili ya nyundo ya bei kubwa, kila mara, kwa sababu tofauti iko kwenye utaratibu na si kwenye nembo. Kwa hiyo nunua drili ya betri isiyo na nyundo kwa ajili ya skrubu na mbao, na fedha uliyookoa kwa kuacha ile ya nyundo iweke kwenye SDS.

Biti za kutobolea chuma zisikudanganye kwa rangi. Zile za dhahabu zimepakwa utando mwembamba wa nitridi ya titani juu ya HSS, chuma cha kawaida cha biti. Utando huo unasaidia, lakini ukinoa ncha unaondoka mahali pale pale unapohitajika. Biti za kobalti zina kobalti ndani ya chuma chenyewe, mara nyingi asilimia 5, kwa hiyo hata baada ya kunolewa hubaki zile zile. Ukichimba mbao na chuma laini tu, HSS ya kawaida iliyonolewa vizuri itakufaa na utabakiwa na chenji.

Diski za grinda ndizo ninazotaka uzisome kwa makini zaidi, kwa kuwa hapa thamani si fedha peke yake bali ni macho na uso wako. Kila diski imeandikwa kasi yake ya juu. Nyingi za kukatia zimetengenezwa kwa mwendo usiozidi mita 80 kwa sekunde kwenye ukingo, ndiyo maana utaona ya milimita 115 imeandikwa mizunguko 13,300 kwa dakika hivi, ya 125 imeandikwa 12,250 hivi, na ya 230 imeandikwa takriban 6,650. Grinda ndogo huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika. Anayeondoa kinga na kufunga diski ya milimita 230 kwenye grinda hiyo, ili asinunue kubwa, anaufanya ukingo wake ukimbie zaidi ya mita 130 kwa sekunde, na diski ikipasuka kwa mwendo huo hakuna atakayewahi kuinama. Kwenye pete ya chuma ya katikati mara nyingi huchapwa mwezi na mwaka wa mwisho wa kutumika, ambao kwa kawaida ni miaka 3 tangu kutengenezwa, kwa sababu gundi inayoshika chembe huvuta unyevu na kudhoofika. Furushi la diski linalouzwa kwa bei ya kutupa, ukisoma pete hiyo, mara nyingi utaijua sababu.

Mpachika Milango:

Ninawashukuru sana, wakubwa zangu. Nimekwenda na multimita kama nilivyoelekezwa, na betri ya lile sanduku ilisoma volti 20.6. Sanduku nimeliacha.

Limebaki suala la zana zilizotumika. Kuna fundi anayeuza SDS ya waya ambayo kwa nje haina nyufa. Niliiwasha nikaona cheche ndani ya matundu ya hewa, naye akasema ni kawaida. Pia ana msumeno wa duara wa bei nzuri sana, lakini kibao chake kimeandikwa volti 100, na umeme ninaoutumia ni wa volti 230. Anasema transfoma itamaliza tatizo. Vilevile ana sanduku la patasi na randa za zamani zenye kutu.

Fundi Mota:

Cheche zenyewe hazitoshi kuihukumu mashine. Kinachotakiwa ni kuona ziko wapi na zina umbo gani. Mashine ya kaboni iliyo nzima hutoa cheche ndogo za buluu au za manjano pale tu kaboni inapogusa komuteta. Ukiona duara la moto linaloizunguka komuteta yote, ama kaboni zimekwisha, ama komuteta imechakaa na kuwa na mabonde, ama nyaya za rota zimegusana. Kaboni ni jambo dogo, lakini rota ni sehemu kubwa ya bei ya mashine. Mwombe afungue vifuniko vya kaboni, ambavyo kwenye mashine nyingi hushikwa na skrubu moja moja, na utazame urefu wake. Kaboni fupi na komuteta laini ya rangi ya hudhurungi ni habari njema, maana kaboni tu ndizo za kubadilisha. Komuteta nyeusi yenye mikwaruzo ambayo ukucha unaihisi ni sababu ya kuondoka.

Kisha iwashe tena, uiache izunguke kwa dakika chache, na uweke kiganja kwenye sehemu ya gia. Joto la kadiri ni sawa, ila joto linalokufanya uondoe mkono si sawa. Nusa matundu ya hewa, kwa maana koili iliyowahi kuungua huacha harufu kali ya vanishi ambayo haiondoki kwa kufutwa. Izime na usikilize inavyosimama: beringi nzima huiacha mashine ipunguze mwendo taratibu kwa sauti moja, na beringi iliyokwisha hunguruma au huikatisha ghafla. Mwisho shika kichwa cha kufungia biti na ukisukume kulia na kushoto. Kwenye SDS kuna mchezo kidogo wa biti kwenda mbele na nyuma, na huo umekusudiwa, lakini mchezo wa kwenda pembeni ni wa kuchakaa. Kwa SDS ni lazima pia uijaribu kwenye zege halisi, kwa sababu inaweza kuzunguka vizuri huku pistoni imepoteza mpira wake wa kuzuia hewa, nayo ikawa haigongi kitu.

Msumeno wa volti 100 achana nao. Ukichomekwa kwenye volti 230 kwa bahati mbaya hata mara moja, utaungua pale pale. Transfoma inayoweza kuubeba ni lazima iwe na uwezo unaozidi wati za msumeno huo, na ya wati 1,000 na zaidi ni chuma kizito ambacho utakibeba kila nyumba unayokwenda. Ukijumlisha bei ya transfoma, ile bei nzuri haipo tena.

Ongezea hesabu yako ekstensheni iliyo sawa, kwa kuwa nyembamba na ndefu hupunguza volti, na mota inayokosa volti hupoteza nguvu na kujipasha moto. Kwa zana za mkono za kawaida chagua waya wa milimita mraba 1.5, na 2.5 ukiwa mrefu, na uukunjue wote kutoka kwenye rola kabla ya kuutumia, maana ukiwa umezungushwa hauna pa kutolea joto.

Seremala Mkongwe:

Patasi na randa za zamani zenye kutu ndizo ningezikimbilia mimi, mradi uzisome. Kutu nyekundu ya juu hutoka kwa msasa na mafuta, nayo haina madhara. Kutu iliyokula chuma na kuacha vishimo ni tatizo kulingana na mahali ilipo: kwenye upande wa juu wa patasi haidhuru, lakini kwenye upande bapa, karibu na makali, kila kishimo kitakuwa pengo kwenye makali utakaponoa hadi hapo. Tazama pia urefu wa chuma kilichobaki. Patasi iliyonolewa hadi ikawa fupi inaweza kuwa imeingia kwenye sehemu ambayo haikukomazwa vizuri kiwandani, na patasi yenye rangi ya buluu kwenye ncha iliunguzwa na jiwe la mashine, kwa hiyo itakubidi uiondoe sehemu hiyo yote kwanza.

Randa ya chuma igeuze chini juu na usafishe mdomo wake kwa kidole, kwa sababu nyufa huanzia kwenye pembe za mdomo na uchafu huzificha. Ukiwa na shaka, itundike kwa kidole na uigonge taratibu kwa kitu cha mbao: mwili mzima hulia kama kengele, na uliopasuka hutoa sauti iliyokufa. Hakikisha bolti ya kurekebisha kina inazunguka na kwamba kile chuma kidogo kinachokaa juu ya kisu kipo, kwa kuwa kukipata peke yake kinachoingia kwenye randa hiyo ni kazi ngumu.

Ukizipata, noa kwa nyuzi 25 kwa mteremko mkuu, na uongeze mteremko mdogo wa nyuzi 30 kwenye ncha kabisa. Upande bapa ulale sawasawa juu ya jiwe bila kuinuliwa, na uusawazishe sentimita 3 au 4 za karibu na makali tu, maana huko juu hakugusi kazi yoyote. Anza na jiwe la namba 1000, umalizie na lile laini zaidi la namba 6000 ukiweza. Ukiwa na patasi mbili za namna hiyo, bawaba zako zitakaa bila kuwekewa kipande cha karatasi nyuma yake.